Kikapu cha Dawa za Tanuru

Jumamosi, Sumbawanga

Niliinama, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Mwongoza watalii alikuwa ameisimamisha kwaya yetu mbele ya tanuru la kale la kuyeyushia chuma. Ni la udongo, refu kuliko mtu, na ubavu mmoja umeshabomoka. Akasema, "Chini hapa mafundi walifukia dawa ili chuma kitoke vizuri. Dawa gani, hakuna anayejua tena."

Babu yangu alijua. Alirithi kwa baba yake kikapu kizima cha dawa hizo. Nilikichoma mimi, wiki ya kipaimara changu, nikijiona Mkristo safi. Babu alisema tu, "Haya, mjukuu wangu." Hakunifundisha kitu tena mpaka tukamzika.

"Kuna mwenye swali?" akauliza mwongoza watalii.

Ninalo, miaka yote hii. Nimuulize nani?