Nabii Kapiga Marufuku Bamia, na Mama Mkwe Ndiye Malkia wa Bamia

Mpendwa Shangazi Baaba, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili wakwe zangu wanakuja kunirudishia chupa ya pombe niliyowapelekea siku ya posa, na wewe unajua chupa ikisharudi hakuna ndoa tena, na mimi mke wangu Twumwaa nampenda, tena sana, hata kama siku hizi ananipikia mihogo mikavu asubuhi, mchana na jioni bila kunisemesha.

Mimi ni mkuu wa manispaa ya hapa Nkwantadum. Tulikuwa na sherehe ya kufungua mtaro wa maji machafu, na kwa kuwa mtaro peke yake hauvuti watu, nikamwalika Nabii Zadok Bonsra, yule aliyetabiri mwaka jana kwamba mbuzi wote wenye madoa ni wapelelezi, najua Shangazi, najua, lakini waumini wake ni wengi na wote wanapiga kura. Siku moja kabla ya sherehe nikamkaribisha nyumbani, akala banku, ule ugali wetu wa unga uliochachuka, na mchuzi wa bamia, akaongezwa, akaongezwa tena, mara bamia ikamponyoka mkononi ikatiririka kwenye suti yake nyeupe mpaka chini, na mke wangu akasema, "Nabii, na hiyo nayo hukuiona ikija?" tukacheka wote isipokuwa yeye.

Kesho yake nikampa kipaza sauti cha manispaa kwa mkono wangu, nikamtambulisha kuwa ni rafiki wa maendeleo, nikitegemea auombee mtaro, naye akafumba macho akanguruma kwamba maendeleo ya mji huu yanateleza kwa sababu ya bamia, kwamba ndani ya kila bamia mna ute wa shetani, na kuanzia Ijumaa atakayeuza au kula bamia atakuwa anamtelezesha mkuu wenu kitini. Watu wakashangilia, na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga makofi kwa sababu kila mtu alikuwa anapiga. Mtaro wenyewe hatukuufungua, utepe uko pale pale.

Sasa mpiga kengele wa chifu, Mzee Abakah, alikuwa amekaa mstari wa mbele kama kawaida yake, na kazi yake unaijua, linaloamriwa jukwaani yeye hulitembeza mtaa kwa mtaa, na likishapigiwa kengele limekuwa amri. Jioni nikamsikia, "Manispaa yasema mwisho wa bamia ni Ijumaa!" nikamkimbilia na kandambili zangu, nikamwambia, "Mzee wangu, yale ni maneno ya nabii, si yangu."

Akaniuliza, "Mheshimiwa, kipaza sauti kilikuwa cha nani?"

"Cha manispaa."

"Na makofi?"

Akageuka, akaendelea na kengele yake.

Shangazi, mama mkwe wangu, Mama Otuwa, ndiye malkia wa bamia sokoni, hakuna gunia linaloingia bila kupita mbele yake. Sasa ni wiki ya pili magunia yanaoza, malkia wa nyanya anampigia kelele, "Malkia mwenzangu, ufalme umeteleza?" na askari wa manispaa, askari wangu mimi, wamemfungia kibanda. Juzi alikuja ofisini, hakukaa, akasema, "Mkwe, bamia ndizo zilizomsomesha mkeo. Nilikupa binti, wewe ukanipa nabii. Jumapili chupa yako unaipata."

Nataka kubatilisha amri ila naogopa, maana Nabii ameniletea salamu kwamba nikithubutu, kwenye mkesha wa mwaka mpya atanitaja kati ya wasiouona mwaka. Je, nimwalike tena jukwaani ili atangaze mwenyewe kwamba Mungu amebadili mawazo?

Ni mimi, Mheshimiwa wa Mihogo, Nkwantadum.

*

Mheshimiwa wa Mihogo,

Pole. Mihogo mikavu si mchezo. Sasa kaa vizuri nikuambie.

Barua yako umeisoma kabla ya kuituma? Mtu kala bamia kwako, kaongezwa mara mbili, kachafuka, kachekwa, na kesho yake shetani kaonekana ndani ya bamia. Wewe na elimu yako yote hukuunganisha? Ule haukuwa ufunuo, ilikuwa hasira ya kupeleka suti kwa dobi.

Nabii ana kanisa lake. Akitaka kuhubiri huko kwamba hata chumvi ina pepo, shauri yake na waumini wake. Lakini kipaza sauti ulichompa kimenunuliwa kwa ushuru wa akina Mama Otuwa, kila asubuhi wanautoa pale sokoni. Ukawachukulia sauti yao, ukampa mtu awafungie vibanda kwayo, na ukapiga makofi. Mzee Abakah hakukosea hata kidogo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na wewe ulichelea kura.

Kumwalika tena? Thubutu! Na hilo la mkesha, mwache akutaje. Aliyeshindwa kuiona bamia iliyo kwenye vidole vyake atakionaje kifo chako?

Kesho Jumamosi ni siku ya soko. Nenda kwa miguu, na Mzee Abakah mbele yako. Kwanza wafungulie vibanda. Kisha vua viatu mbele ya Mama Otuwa, umwombe radhi wenzake wakisikia, malkia wa nyanya akiwa karibu kabisa. Kengele ikilia, sema kwa mdomo wako kwamba ulikosea wewe, usimtaje nabii, umempa nafasi ya kutosha. Magunia yaliyooza ni hasara yako, si ya mama mkwe wako. Ukitoka hapo kata ule utepe, maji machafu hayangojei unabii.

Na kabla hujaondoka sokoni, kaa chini ule bamia, kwa mkono, watu wakikutazama. Ikikuchuruzika kwenye shati usifute. Rudi nalo nyumbani shati hilo hilo, simama mlangoni, mkeo alione. Alimcheka nabii, hawezi kukosa kukucheka wewe, na Mama Otuwa hatakuja kurudisha chupa kwenye nyumba ambayo binti yake anacheka.

Shangazi Baaba