Mishono Minne ya Kijani

Tarehe 4 Februari

Mjukuu wangu, mke mwenza,

Marahaba, nimeiitikia shikamoo yako ingawa imefika kwenye karatasi yenye nembo juu, kama barua ya kudaiwa kodi. Mimi mzima. Magoti yananung'unika, lakini pasi bado naibeba mwenyewe. Wewe je, unakula? Kwenye ile picha gauni linakuning'inia kama liko kambani.

Sasa hilo la kazi. Unaniambia nchi tano zimekaa meza moja kumaliza ukatili dhidi ya wanawake na wasichana. Vizuri. Mimi nina miaka arobaini naishi hatua mia tatu kutoka lango la mpaka, nafua nguo za forodha, za uhamiaji na za polisi, na sijawahi kuona nchi mbili zikikubaliana hata saa ya kufunga geti.

Unataka nimshawishi Kimya aandikwe kwenye daftari lenu la pamoja. Kimya ndiye yule niliyekuandikia, aliyevuka mwezi wa nane kutoka ng'ambo na binti yake wa miaka minne. Bega moja limepanda juu ya lingine, kwa sababu lilivunjwa likaunga lenyewe. Tulimwita hivyo kwa kuwa wiki ya kwanza alisema maneno sita, na matatu yalikuwa "asante". Anakaa chumba changu cha uani. Anapiga pasi kwa mkono wa kushoto, na kola anazinyoosha kunishinda, ila usimwambie.

Nakuuliza, na ujibu kama mtu, si kama ofisi: nani analisoma hilo daftari?

Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya wanga, ndiyo maana naandika. Hata isingetumbukia, humu mtaani ukipiga simu wanakusikia hadi wanaokoga.

Bibi yako

Tarehe 11 Februari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, na ninakula. Magoti uyapake ile dawa niliyotuma, najua umeiweka kabatini.

Bibi, Kimya alipovuka, kilichompata kilibaki ng'ambo. Mume akimfuata kesho, polisi wa hapo kwenu watamwuliza faili lako liko wapi, naye hana. Mwaka jana msichana mmoja alipita mipaka miwili, na kila kituo kilimwambia arudi alikotoka akaripoti huko. Akarudi. Sitakuandikia yaliyomkuta. Daftari hili ni kwa ajili yake. Mwanamke akivuka, habari yake inavuka naye, na polisi wa upande wa pili wanalazimika kumlinda.

Wanaolisoma ni watu wa madawati ya wanawake na watoto tu, kwenye vituo vya polisi vya nchi zote tano. Wamechaguliwa, wameapishwa, na wengi nimewafundisha mwenyewe.

Fomu iko humu. Nakuomba, Bibi.

Mjukuu wako

Tarehe 20 Februari

Mke mwenza,

Tuko salama, mtoto kikohozi kimeisha. Dawa ya magoti inanuka kama mafuta ya taa. Nimeipaka.

Fomu yako hiyo hapo. Kurasa sita! Mmeuliza hadi chumba kina madirisha mangapi. Mnataka kumlinda mtu au kununua nyumba?

Kimya alikaa na kalamu kuanzia maji ya kwanza hadi nguo za mwisho zilipokauka. Halafu akaniuliza, "Bibi, huyo mjukuu wako unamwamini?"

Nikamwambia, "Nilimwosha mimi siku aliyozaliwa."

Bado akasita. Nikamshika mkono nikamwekea kalamu vizuri. Ndipo akaandika.

Kwa hiyo humo ndani hakuna jina lake tu, limo na neno langu. Mimi ni mtu wa darasa la tatu, lakini neno langu halijawahi kurudishwa kama shati lenye doa. Ulichunge.

Bahasha nimeishona kwa uzi wa zambarau, mishono tisa. Ukikuta minane au kumi, jua kuna aliyetangulia.

Bibi yako

Tarehe 18 Machi

Mjukuu wangu,

Salamu zangu leo ni fupi. Afya ninayo, usingizi sina.

Jumamosi, nikiwa naanika mashuka ya zahanati, kaingia mwanamume. Mtanashati, viatu vinang'aa, pipi mfukoni kwa ajili ya mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Za kufua au za kupiga pasi tu?"

"Namtafuta dada yangu. Mama yetu ni mgonjwa sana, anamlilia usiku na mchana."

"Pole. Huyo dada hana jina?"

Akalitaja. Jina kamili, lile la kwenye fomu, ambalo mtaa huu mzima nalijua mimi peke yangu. Kisha akasema, "Nimeambiwa yuko chumba cha uani, chenye dirisha moja."

Chenye dirisha moja! Tangu lini kaka anamtafuta dada kwa kuhesabu madirisha?

Nikamwambia chumba hicho anakaa fundi viatu mwenye kidonda kinachonuka, aende tu akamjulie hali. Hakwenda. Kimya na mtoto walikuwa hatua nne kutoka kwake, chini ya lundo la nguo chafu, na mtoto hakupiga hata chafya. Mtoto wa miaka minne anayejua kunyamaza hivyo, mjukuu wangu, alifundishwa na nani?

Basi nikamwambia yule bwana, "Baba, shati lako lina doa mgongoni. Utamwendea mgonjwa hivyo? Liache, ulichukue Jumatatu." Doa halikuwepo. Akavua palepale akabaki na koti. Mwanamume anayejipenda hana kazi ngumu.

Nikageuza kola. Ndani kuna mishono minne ya kijani.

Unajua sisi madobi hatuandiki majina kwenye nguo za watu, tunashona alama. Wewe mwenyewe ulipokwenda bweni nilikushonea mitatu ya zambarau kwenye kila kitu, hadi soksi, ukalia kwamba wenzako watakucheka. Sasa huo ushonaji wa kijani, wenye fundo mara mbili, ni wa somo yangu, dobi wa ng'ambo. Miaka ishirini nguo zikipotea mpakani tunarudishiana, mkono wake naujua kuliko uso wake. Na somo yangu kijani hakiweki ovyo. Kijani ni nguo za kituo cha polisi. Idadi ya mishono ndiyo mtu mwenyewe.

Nimemtumia swali kwa mama anayetuuzia sabuni sote wawili. Nangoja. Na wewe nakuuliza: nani kamwambia huyu mtu habari za dirisha?

Bibi yako

Tarehe 22 Machi

Bibi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi mzima.

Bibi, haiwezekani. Daftari lina ulinzi, haliwezi kufunguliwa na mtu wa nje. Huenda ni jirani amesema, au mwenye duka. Watu huongea. Na uzi kwenye kola si ushahidi, tafadhali usiwaambie watu kwamba ni polisi. Nchi ile ndiyo ya mwisho kutia saini, na ilibembelezwa miaka miwili.

Niandikie Kimya yuko wapi kwa sasa, nami nitawaarifu watu wa dawati wampe ulinzi leo hii.

Mjukuu wako
(Mratibu Msaidizi)

Tarehe 29 Machi

Kwa Mratibu Msaidizi,

Hujambo. Huku waliobaki wazima.

Somo yangu amejibu. Mishono minne ni karani wa dawati la wanawake na watoto. Ndiyo, lenyewe. Yule anayempokea mwanamke mlangoni, anampa kiti, anachovya kalamu. Hakuwa mtu wa nje, Mratibu. Funguo mlimpa nyinyi. Nadhani siku unawafundisha alikaa mbele na aliuliza maswali mazuri.

Kimya aliitambua sauti ya huyo "kaka": ni mumewe. Nikamuuliza, "Mbona hukusema mume wako ni polisi?"

Akaniambia, "Bibi, nilikwenda kuripoti mara mbili. Mara zote mbili aliyeandika ni yeye."

Soma tena hapo. Mimi nilikaa chini.

Kwenye fomu yenu angelisema wapi? Kurasa sita, madirisha mmeuliza, vitanda mmeuliza, choo ni cha ndani au cha nje mmeuliza. Mume anafanya kazi gani, hamkuuliza.

Na mimi nimekosa. Mimi ndiye niliyemwekea kalamu mkononi, kwa majivuno ya kuwa na mjukuu mwenye ofisi. Sitamlaumu mtu mwingine kwa hilo. Lakini mimi nilipojua nilimfungia mtu mizigo yake. Wewe ulipojua uliniandikia kwamba nchi imebembelezwa miaka miwili. Huyu bega lake halikubembelezwa hata siku moja.

Hayupo kwangu tena. Alikokwenda sikuambii. Usinune. Nakupenda vilevile, ila barua zako zinapita mikono nisiyoijua, na hii ya mwisho imekuja imefungwa kwa gundi. Gundi inabanduka kwa mvuke. Mimi napiga pasi, nalijua hilo.

Yule bwana alirudi Jumatatu, nikampa shati limenyooka kama karatasi. Kola haikuwa yake. Yake nimeibandua, iko humu ndani. Wanaume wa aina ile hujitazama mbele ya kioo tu, kwa nyuma hawajui wamevaa nini.

Bibi

Tarehe 24 Aprili

Mratibu,

Salamu. Karibu mwezi hujaandika. Ama unaumwa, ama umekatazwa, ama umeamua kola ile itupwe mahali. Kama unaumwa, sema nije. Kama umeitupa, usije kwangu mpaka uikumbuke ulikoitupa.

Bwana wa viatu vinavyong'aa amepita tena mara mbili, safari hii amevaa magwanda. Ananunua maji dukani, anakunywa taratibu, anaangalia uani kwangu. Na mimi naanika mashuka, namwangalia anavyokunywa.

Bibi

Tarehe 11 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Goti la kulia linaendeleaje? Mimi siumwi. Nilikuwa nimesimamishwa kazi.

Nilianza kwa kutaka kukuonyesha kwamba umekosea. Daftari huweka kumbukumbu ya kila anayelifungua, nikaenda kutazama. Ukurasa wa Kimya ulifunguliwa mara kumi na moja, zote kutoka dawati moja. Mara ya kwanza ilikuwa siku mbili baada ya mimi kuuandika. Na ni kweli, Bibi, alikaa mbele. Nilimpigia makofi.

Mkubwa wangu aliniambia nisubiri, nchi ile ikijitoa zote zitatawanyika. Nikasubiri siku nne. Hizo siku nne sina cha kukuambia, naona aibu. Siku ya tano ulikuwa mkutano wa nchi zote, nikasimama na kola yako mkononi. Wengine walicheka. Mmoja akauliza kama sasa tunaendesha upelelezi kwa sabuni. Nikarudishwa nyumbani na barua ya kusimamishwa.

Ambaye hakucheka ni mwanamke mmoja, mkuu wa polisi kutoka nchi ileile ya ng'ambo. Alirudi kwao, akafungua droo ya karani. Akakuta ripoti mbili za Kimya, zimeandikwa vizuri, zimepigwa mhuri, hazikupelekwa popote. Chini yake zilikuwepo za wanawake wengine tisa.

Yule bwana yuko mahabusu tangu tarehe mbili. Daftari limefungwa, linaandikwa upya. Mahali anapokaa mtu hapataandikwa tena, na ukurasa hautafunguka bila watu wawili wa nchi mbili tofauti na bila mwenyewe kuambiwa nani kaufungua. Swali la kazi ya mume sasa ni la kwanza. Nimerudishwa kazini, si kwa furaha ya wote.

Lakini anasema zile ripoti ni za mchezo, kwamba mke alizikana akaondoka kwa hiari. Kesi inasikilizwa tarehe kumi mwezi wa sita, hapo hapo mpakani, hakimu wa kwao na mwanasheria wa kwetu. Kimya asiposema mwenyewe, ataachiwa siku hiyohiyo, na magwanda yake atarudishiwa.

Sikuulizi yuko wapi. Naomba barua hii umsomee, basi. Nimeishona mwenyewe. Mishono imekwenda upande, usinicheke.

Mjukuu wako

Tarehe 21 Mei

Mjukuu,

Marahaba. Goti la kulia linakusalimu, la kushoto bado limenuna.

Mishono yako nimeihesabu kabla sijafungua. Tisa. Imekwenda upande kweli, kama njia ya mlevi, lakini tisa.

Barua imefika ilikotakiwa kufika. Jibu limechukua siku sita, nikajua anapiga pasi huku anawaza. Leo mama wa sabuni amenipa karatasi. Imeandikwa hivi: "Nitasema. Bibi akae mbele yangu, nisiuone uso wake huyo." Hayo ni maneno tisa, kwake ni hotuba.

Basi tutakuja. Ila usiwaambie hao wakubwa zako kwamba bibi ameridhika. Sijaridhika. Huyo mkuu wa polisi asiyecheka, nimemuuliza somo yangu nguo zake zina mishono mingapi. Anasema hazijui, huyo mama hufua mwenyewe. Hilo nimelipenda kidogo. Wale tisa wengine nataka kujua wako wapi, mmoja mmoja, na usiniambie "tunashughulikia". Na siku ya kesi hakuna atakayemsogelea Kimya, awe na nembo, awe na kiapo, kabla sijamgeuza kola. Wakiona ni dharau, wavae fulana.

Na wewe utageuzwa. Usishtuke. Nilikuosha siku uliyozaliwa, lakini nilikwisha kulisema hilo mara moja, na liligharimu. Sasa kuna mtoto wa miaka minne, na safari hii simwambii mama yake amwamini mtu kwa sababu ni wangu.

Vaa lile gauni la bluu la zamani, la enzi za bweni, kama bado linakuenea. Nikikuta mitatu ya zambarau hujaifumua, nitakuita mke mwenza mbele ya hakimu.

Bibi yako