Amina ya Mama Brenda

Jumamosi

Nimeshindwa kula. Leo tumemzika Brenda, mtoto wa jirani, aliyeuawa na radi akiwa darasani.

Mheshimiwa, mbunge wetu, alipewa maikrofoni, akasema ni mapenzi ya Mungu, tuombe tu. Na shule imeiomba ofisi yake chuma cha kuzuia radi mpaka ikachoka.

Kisha akasema, "Bwana asifiwe." Huku Kakamega hata mwizi akisema hivyo tunaitikianga. Leo hema zima lilinyamaza. Akarudia. Pasta akaangalia viatu vyake.

Mama Brenda ndiye aliyejibu, polepole: "Amina, mheshimiwa. Sasa hicho chuma mtaleta lini? Niko na mwingine gredi ya tatu."

Mtoto wangu anakaa na huyo mwingine dawati moja. Jumatatu natakiwa nimpeleke shule.