Shahidi wa Nyanut

Jumatatu, 4 Machi 2024
Nyanut, jirani yetu hapa kambini Kakuma, kaja na fomu ya ofisi ya wakimbizi ya Lodwar. "Mwalimu Wal, wewe unajua kuandika. Andikia mimi." Anataka kumfuata binti yake Kanada. Lazima aeleze mwanawe Jok alikufaje vitani. Nikasema sawa, Alhamisi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeandika. Heri ningekuwa sijui hata a! Nyanut kasema ni Jumatatu ya Pasaka, 2015, alfajiri. Helikopta ilikuja kwenye kambi yao ya ng'ombe. Ikazunguka mara mbili. Jok akaipungia mkono. Halafu ikapiga.

Mara mbili — kwa sababu rubani alikuwa akingoja jibu langu. Mimi ndiye niliyekaa mlangoni mwa helikopta kuangalia chini. Rubani mgeni, hajui nchi. Akauliza moshi ule ni wa nini. Nikasema askari wanapika. Kwa kujiamini kabisa! Mtoto yeyote aliyelelewa na ng'ombe angejua ni kinyesi cha ng'ombe kinachochomwa kufukuza mbu. Lakini mimi nilikulia hapa Kakuma. Moshi niliojua ni wa jikoni.

Jumapili, 10 Machi
Kanisani sikwenda. Ayen kauliza naumwa nini. Malaria, nikasema. Miaka yote hii mke wangu anaamini jeshini nilikuwa fundi wa redio tu, sikuwahi kupanda ndege. Nyanut kaleta uji, eti Mwalimu apone. Nimeunywa wote. Sina haya mimi!

Jumanne, 12 Machi. Lodwar
Tulipata vibali vya kutoka kambini, tumefika saa nne. Mlinzi katupokea vizuri kwa salamu ya kwao, ejok, ejok. Ofisa, mama Akiru, kasoma, kausifu mwandiko wangu. Kisha: "Na witness? Mtu mwenye aliona. Bila yeye hii file nafunga leo." Nyanut kasema wenzake wa pale wamekufa, wengine hajui waliko. Akiru kaenda kunywa chai, katuachia fomu.

Naandika hapa benchini. Mstari wa shahidi uko wazi. Chini yake wanauliza: ulikuwa wapi siku hiyo? Nikijaza, sijui kama watanirudisha kwa Ayen, wala kama yeye atanipokea. Nisipojaza, Nyanut atazeekea kambini kwa sababu yangu. Naogopa.

Nimeandika Wal. Jina la baba bado.

Nyanut hajui kusoma, lakini kaiona kalamu ikigusa fomu. Uso umemchangamka. "Umekumbuka mtu, Mwalimu?"