Wembe wa Jumamosi

Kisumu, Alhamisi, Aprili 1993. Mvua tangu alfajiri, kisha jua kali mchana, kisha mvua tena. Viatu vyangu viko mlangoni, vimejaa tope la Nyakach, na sina nguvu ya kuvisafisha.

Ningependa kuandika kwamba leo nimefanya kazi nzuri. Nimetafuta namna ya kuanza hivyo nikaikosa.

Basi nianze na ukweli. Nimemkosea mgonjwa wangu. Na siwezi kusema sikujua, kwa sababu niliambiwa na nikajifanya sisikii.

Mimi ndiye muuguzi wa kile chumba cha pembeni hospitalini, vitanda vinne, wagonjwa wa saratani ya damu. Nilipelekwa Nairobi miezi sita kusomea kazi hii, na nikarudi na kichwa kikubwa. Hata mama yangu, pale dukani kwake Mamboleo, ameniambia hivyo bila kuficha. Nachanganya dawa mwenyewe karibu na dirisha, glavu mbili kila mkono, na hakuna mwingine wodini anayeruhusiwa kuigusa ile dawa nyekundu. Wagonjwa huiita soda. Nacheka nao, lakini kusema kweli naipenda ile heshima ya kuwa mimi peke yangu ninayeishika.

Mama Beryl aliletwa mwezi uliopita. Ni fundi cherehani wa soko la Pap Onditi, huko Nyakach, hajafika thelathini, mama wa mtoto mmoja. Alikuwa na tezi shingoni iliyovimba ikatosha yai la kuku. Ni saratani ile ya damu inayoanzia kwenye tezi. Daktari alisema hii ni aina inayosikia dawa, mradi mgonjwa asikose zamu: kila baada ya wiki tatu, mara sita. Akikosa, tezi hurudi, na zikirudi huwa sugu.

Baada ya dawa ya kwanza uvimbe uliyeyuka, haukumaliza hata wiki. Mama Beryl aliomba kioo, akajitazama shingo huku na huku, akacheka mpaka jirani yake wa kitanda akamwomba anyamaze watu walale.

Wiki ya tatu nywele zikaanza kutoka. Jumamosi asubuhi nilikuta mto wake umejaa nywele na yeye ameketi kando, anaziokota moja moja na kuzitia kwenye mfuko wa karatasi wa unga. Sikupenda kuona hivyo. Kule Nairobi tulifundishwa kwamba usingoje ziishe zenyewe, nyoa zote mara moja, mgonjwa alie siku moja badala ya siku kumi. Nikaleta beseni, sabuni na wembe mpya.

Mama Penina alikuwa akipiga deki. Ni msafishaji wetu, mtu wa huku, na amekaa wodi hii miaka mingi kuliko madaktari wote. Akainuka, akashika kiuno.

"Sister, ngoja bwana yake akuje kesho. Nywele fupi haina shida, hata mimi niko nayo. Lakini bibi ya mtu kunyolewa na wembe, huku kwetu hiyo ni ya mjane."

Mimi ni Mkikuyu, lakini nimekulia Kisumu tangu darasa la pili. Nimehudhuria mazishi ya majirani, nimewaona wajane wakikalishwa chini wanyolewe. Sikuhitaji kufundishwa. Hata hivyo nilimjibu mbele ya wagonjwa wote, "Hapa ni hospitali, Mama Penina, si boma."

Aibu.

Nilimwuliza Mama Beryl kama niendelee. Ndivyo nilivyojiambia siku zote hizi, kwamba nilimwuliza. Ukweli ni kwamba nilipouliza wembe ulikuwa tayari mkononi mwangu na kichwa chake tayari kina povu. Alitazama sakafu, akasema, "Wewe ndio unajua, Sister." Hiyo nikaihesabu kuwa ndiyo, nikaendelea.

Nilimnyoa vizuri. Sikumkata hata mara moja. Hilo nalo nilijivunia.

Jumapili mumewe alikuja na mama yake. Hufanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, na kila Jumapili huleta thamosi ya uji, hakosi. Mama Beryl alikuwa amejifunga leso kichwani. Mama mkwe alipomkumbatia kumpa pole, leso ikateleza. Yule mama akapiga ukelele mmoja mfupi, "Yawa!", akatoka mbio hadi langoni. Mume akabaki na thamosi mkononi. Angenifokea ningejua la kufanya, watu wa kelele nimewazoea. Alinigeukia tu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Sister, kwani mimi nilikufa siku gani?"

Nami nikamweleza habari za dawa na mizizi ya nywele. Mtu ananiuliza swali kama lile, mimi nampa darasa.

Jumatatu wakaja kumchukua. Mume alitia sahihi bila kuniangalia. Mimi nilikuwa chumba cha dawa napanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa, na sikutoka kumuaga Mama Beryl.

Sasa naandika lile ambalo sijamwambia mtu.

Kwenye faili yake niliandika kwamba ndugu wamemwondoa mgonjwa kwa kukataa matibabu. Basi. Hakuna wembe, hakuna Jumamosi, hakuna mimi. Daktari alisoma, akaguna, akasema hawa watu na mila zao. Nami nikatikisa kichwa pamoja naye kana kwamba nasikitika. Mama Penina alikuwa pale pale akifuta dirisha. Tangu siku ile ananisalimia kwa adabu sana. Zamani alikuwa akinitania.

Dawa ya pili ilikuwa Jumatano ya wiki iliyopita. Nikatandika kitanda, nikangoja. Nikangoja tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Kila mlango ukilia nageuka. Jana nilipotandika shuka kwa mara nyingine, Mama Penina akanishika mkono.

"Hawatakuja, Sister. Mtu lazima aende. Na huyo mtu si daktari."

Nilimwambia naogopa. Ni kweli naogopa. Tangu uchaguzi na yale mapigano ya makabila, mama yangu hufunga duka akisikia tu watu wanakimbia barabarani. Sasa mimi, nikiwa Mkikuyu, niingie boma la watu Nyakach baada ya kumnyoa mke wa mtoto wao kama mjane? Nilidhani Mama Penina atanihurumia. Badala yake akaniuliza:

"Kwani ulimnyoa ukiwa Mkikuyu ama ukiwa Sister?"

Leo tukapanda gari la chanjo, linalokwenda upande ule kila Alhamisi, mimi na yeye kiti cha nyuma katikati ya masanduku ya barafu. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba kichwani.

Gari lilituacha barabarani Pap Onditi, tukaingia kwa miguu. Tope la kule likikushika halikuachi, kwa hiyo nilifika bomani nimeshika kiatu kimoja mkononi. Mama mkwe alikuwa barazani anachagua maharagwe. Aliniona, akaendelea kuchagua. Lakini aliita kiti kiletwe, maana mgeni ni mgeni. Mume alikuwepo, leo hana zamu. Akatoka Mama Beryl kutoka jikoni kwa mama mkwe wake. Tangu atoke hospitali analala humo. Hajaingia nyumba yake mwenyewe, na mumewe hali chakula alichopika, mpaka wazee wamalize kumwondolea mkosi wa kunyolewa kama mjane, kwa dawa za kuoga. Mtoto hulala na baba yake na hulia.

Nilitaka kuuliza hizo dawa ni majani gani na kama anazinywa. Mama Penina akanifinya paja, nikafunga mdomo.

Hotuba yote ilipotea. Nilisema tu kwamba niliambiwa nimngoje mume na sikungoja, kwamba kosa ni langu na si la Mama Beryl, na kwamba naomba msamaha. Mama mkwe akaacha maharagwe.

"Nyar Kikuyu," akaniita, yaani binti wa Wakikuyu, "nani alikuambia ungoje?"

Nikamwonyesha Mama Penina.

"Kumbe ulijua," akasema.

Nimetukanwa na wagonjwa, na ndugu zao, hata na mtu aliyenirushia sahani ya ugali. Hakuna lililowahi kuniuma hivi. Moyoni alikuwa tayari kuniona mjinga, na mjinga husamehewa.

Kisha mume akaongea. Nilitegemea hasira. Alikuwa amechoka tu.

"Ungengoja siku moja, Sister. Ningekubali. Hata mimi mwenyewe ningeshika hiyo beseni. Mama angesema maneno yake, tumalize. Sasa tumekaa hapa wiki mbili karibu, tukisafisha kitu yenye ingekuwa ya dakika kumi."

Siku moja. Mimi nilifikiri nilikuwa nashindana na mila. Kumbe nilikuwa nashindana na Jumapili.

Nililia, na nililia vibaya, kamasi na yote. Mama Penina akanipa leso yake bila kunitazama.

Wakakubali arudi. Wazee watamaliza Jumapili, mumewe atamleta Jumatatu. Nikauliza kama naweza kumgusa shingo. Safari hii niliuliza nikiwa nimeshika mikono nyuma. Mama Beryl akamtazama mume wake, kisha akainamisha kichwa upande. Kipara chake kilikuwa kimeanza kuota vinyweleo. Nikapitisha vidole chini ya sikio la kushoto.

Ipo. Punje ya haragwe. Ilikuwa imekwisha kabisa, sasa imerudi.

Nilipaswa kusema, njoo kesho, njoo leo, panda gari hili nami. Badala yake nilisikia mdomo wangu unasema Jumatatu ni sawa. Niliogopa kuwa tena yule mwanamke asiyejua kungoja. Niliogopa yule mama mkwe ainuke, abadili nia. Mama Beryl alinitazama usoni, na yeye si mtoto, kazi yake ni kutazama kitambaa na kujua kinapoelekea. Hakuuliza. Nami sikusema.

Ndani ya gari, tukirudi, Mama Penina alianza kunitania tena, kuhusu kiatu na tope. Nilicheka kidogo nikajisikia vibaya kwa kucheka.

Sasa naketi hapa najiuliza. Mara ya kwanza niliharakisha kwa kiburi. Leo nimengoja kwa woga. Mara zote mbili mgonjwa ni yeye, na mara zote mbili nilikuwa nikijifikiria mimi. Daktari akiniuliza kesho, nitamwambia ile tezi na nitamwambia nani alishika wembe, kisha nitafuta yale maneno kwenye faili mbele yake. Asiponiuliza nitamwambia vile vile. Kesho ni Ijumaa, na gari la chanjo haliendi Nyakach. Nitaomba gari jingine. Nikinyimwa nitatuma ujumbe kwa chifu wao, asomewe mume neno kwa neno: tezi imerudi, kila siku ina maana, uamuzi ni wenu.

Na akija, kesho au Jumatatu, nitaketi naye na mumewe kabla sijavaa glavu. Nitawaambia nilichokihisi leo na nikanyamaza. Halafu nitamwuliza Mama Beryl kama anataka tuendelee, na nitangoja jibu lake mwenyewe, hata likichukua asubuhi nzima.

Na akisema hapana?