Jina la Saba Ubaoni

Migori,
Jumapili, 12 Oktoba 1997

Kwa dada yangu mpendwa Bosibori,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa nyumba yangu yote. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Mama anayelalamikia magoti tangu mvua zianze. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko salama huko Lambwe, na kwamba mbung'o wamewaachia ng'ombe wachache. Barua yako niliipata kanisani Sabato iliyopita. Uliuliza jambo moja tu, kama kamati yetu ya shule imekubali jina la Levis Mirumbe liandikwe. Nitakujibu, ila nivumilie kidogo, maana jibu lenyewe lina mkia mrefu.

Shule inatimiza miaka thelathini. Mwalimu mkuu ameagiza ubao wa mvule utakaotundikwa ukumbini, wenye majina saba ya wanamichezo bora waliowahi kupita hapa. Majina sita yalipita kabla chai haijapoa. La saba lilikuwa la Mirumbe, na hapo watu wakaanza kugombana kama wanaogawana nyama.

Wewe ulimjua kama mchumba. Sisi tulimjua akiwa na mpira mkononi. Hakuna aliyebisha kwamba katika basketi hajatokea mwingine mfano wake katika wilaya hizi mbili. Kwenye nusu fainali ya mwaka 1984 alifunga pointi arobaini na moja akiwa na homa. Lakini alikuwa mtu wa kuchukiza. Alikupokonya mpira hata kama mlikuwa timu moja. Mwenzetu Mochama alipokosa kudaka pasi yake mazoezini, alimpiga kiwiko akamng'oa meno mawili, kisha akamwambia ayaokote aendelee kucheza. Na mimi, uliyekuwa ukiniona nikitoka nyumbani na jezi nambari kumi na mbili, hadi siku ya fainali sikuwahi kuingia uwanjani hata dakika moja. Mirumbe alimwambia kocha mbele ya wote kwamba kuliko kumwingiza Arasa, afadhali aingize ndoo ya maji. Walicheka mwaka mzima. Wakaniita Ndoo. Uliwahi kuniuliza sababu ya jina hilo, nami nikakudanganya.

Kwenye kamati, mwalimu mkuu alisema ubao ni wa kuwafunza watoto, na yeye hawezi kuwaambia wamwige mtu kama yule. Aliyemjibu, dada, alikuwa Mochama. Alisimama na pengo lake, akasema ubao wa michezo si orodha ya watakatifu. "Meno yangu yalitoka, nimeshazoea," alisema, "lakini bila yeye hatungefika Homa Bay hata kwa kutazama." Kisha akasema kwake kuna swali moja tu. Siku ya fainali pale Homa Bay, Mirumbe alitoweka kabla ya filimbi, tukafungwa vibaya sana. Kama alitukimbia, basi hafai. Kama kweli aliambiwa mama yake anakata roho, kama alivyokuwa akiapa, apewe haki yake. Wote wakanigeukia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naye mwisho.

Nilisema alikimbia. Nilisema sikumwambia neno lolote juu ya mama yake. Nilirudia yale yale niliyomwambia kocha, na niliyokuambia wewe, miaka kumi na mitatu iliyopita, tena bila hata kukohoa. Mochama akaketi. Kura ilipopigwa, naye aliinua mkono kumkataa.

Alhamisi Mirumbe alikuja shuleni. Siku hizi anapasua kokoto kando ya barabara ya Isebania. Vidole vyake vimepinda, na sidhani kama vinaweza kushika mpira tena. Nilidhani amekuja kunipiga. Alivua kofia, akaniita shemeji kama zamani. Alisema habari za kura amezisikia na hazimsumbui.

"Nataka uniambie kitu kimoja tu, tafadhali," alisema. "Ulikuja kwangu pale nyuma ya jukwaa ukaniambia mama anakata roho, ama nilisikia vibaya? Kila mtu anasema haukusema. Kuna siku naona ni kama akili yangu si sawa. Nikijua, nitatulia."

Tulikuwa wawili tu. Ningeweza kumpa hilo moja.

"Ulisikia vibaya, ndugu yangu," nilimwambia.

Aliinamisha kichwa. Akanishukuru, dada. Akasema basi ni kweli makosa yalikuwa yake, akaniomba nimkumbuke katika maombi, akaenda zake.

Hakusikia vibaya. Nilimwambia mimi. Nilimwambia mtu amekuja kutoka kwao, na kwamba mama yake anamwita kabla hajafa. Aliondoka na jezi mwilini, akilia barabarani, akamkuta mama yake uani akipukuchua mahindi. Nilitaka siku hiyo achekwe yeye. Tena nilitaka kucheza, na nilicheza, nikakosa kila nilichorusha. Aliporudi akasema ni mimi niliyemwambia, nilikana, nawe ukaniamini. Ulisema huwezi kuolewa na mtu anayemzulia mama yake kifo. Mama yule alipofariki kweli mwezi wa Desemba, watu walisema mwanawe ndiye aliyemwitia kifo kwa ulimi. Nilikuwa pale mazishini, nikisema hivyo hivyo pamoja nao.

Nafasi ya saba haikuachwa tupu. Mwalimu mkuu alisema itafaa iende kwa mchezaji wa zamani aliyerudi kuitumikia shule kwa uaminifu, na kamati nzima ikanipigia makofi. Sikukataa.

Sijui kwa nini nakuandikia haya. Siombi msamaha, kwa maana nikisamehewa itanibidi niende kwa yule mtu, na sitaenda. Wewe unaweza kwenda. Ila mume wako ni shemasi, una watoto wanne, na sijui utaanzaje kumweleza kwamba unamtafuta Mirumbe. Nimelifikiria hilo pia.

Mchoraji anakuja Jumanne kuandika majina kwa rangi ya dhahabu. Barua hii nitaipeleka posta Jumatano.

Nisalimie shemeji na watoto wote, mmoja mmoja kwa jina. Mama anauliza utakuja lini.

Ni mimi ndugu yako,
Arasa