Gurudumu la Kushoto la Kiberiti

Jumatatu, 3 Juni

Nimepepeta alizeti magunia mawili. Upepo mzuri, mgongo mbaya. Mchana fundi Rama kafika kutoka Singida mjini na boksi lake la spana. Kachelewa siku nne. Nimemwambia hata jeneza huwahi kuliko yeye. Kacheka, kaniamkia, kakaa pale nilipomwonyesha. Kazi alifundishwa na marehemu mume wangu Zakaria, ndiyo maana ana adabu.

Tumeondoa turubai. Kiberiti, gari la marehemu, kimeinama vile vile tangu Machi. Gurudumu la kushoto la mbele limelala chini ya bodi kama mguu wa kuku uliovunjika. Na kuku wenyewe wametaga kwenye kiti cha Zakaria. Nimewafukuza kwa fagio.

Ni gari la mbio, jekundu, dogo, viti viwili, paa la turubai. Daktari mzungu wa misheni alimwachia Zakaria aliyekuwa dereva wake, wakati anarudi kwao. Jina la Kiberiti wamelipachika watu wa hapa Iguguno. Singida nzima hakuna lingine. Yona, mwanangu wa mwisho, ndiye kalivunja kwa pombe. Sasa nalitengeneza bila yeye. Nataka alione linapita, aone haya.

Jumanne, 4 Juni

Fundi kainua mbele kwa jeki, chini kaweka magogo. Kavua gurudumu. Springi kaifunga minyororo kabla ya kuitoa, kanifukuza nisisimame karibu. Anasema ikifyatuka inaua. Nimekaa mbali nikamsema kutoka huko huko.

Shokomzoba imevuja yote. Mkono wa chini wa gurudumu umepinda. Lakini ubaya wenyewe uko kwenye nguzo ya chuma inayobeba gurudumu. Imekatika chini kabisa, pale inapoingia kwenye kipande cha shaba. Fundi kaishika, kaigeuza, kaitazama muda mrefu. Sipendi fundi asiyesema.

Jumatano, 5 Juni

Habari ya Machi sijaiandika popote. Niiandike.

Ilikuwa baada ya ibada. Yona kachukua Kiberiti kwenda mpaka lami na kurudi, kama alivyokuwa akifanya baba yake kila Jumapili. Kwenye kalavati gari likatumbukia. Nilifika nikamkuta anapepesuka barabarani. Macho mekundu, ulimi mzito, damu kinywani, meno mawili hayapo. Nikasema hii ni pombe. Yona alikuwa mlevi zamani. Aliacha kwa kiapo siku tuliyomzika baba yake, miaka sita sasa. Nikajua amerudia.

Wiki ile ile nikaita kikao cha ukoo. Nikasimama mbele ya baba zake wadogo, mbele ya mkewe Neema, mbele ya watoto wake. Nikasema huyu ni mlevi, kaua gari la baba yake, asilale tena kwenye kiwanja changu. Alijibu maneno mawili.

"Sijanywa, mama."

Nikamwambia hata mbwa mwenye yai mdomoni hukana. Watu wakacheka. Kesho yake kahamia Nduguti na mke na watoto, kwa wakwe zake.

Neno la kikao kwetu halifutwi kwa kunong'ona. Umelisema mbele ya watu, unalifuta mbele ya watu. Mimi sikuwa na la kufuta.

Alhamisi, 6 Juni

Fundi kaniita. Kakifungua kile kipande cha shaba. Kanieleza kama mtoto wa shule, nami nikamwacha. Ndani kuna meno kama ya bolti kubwa. Gari likikata kona, nguzo inazunguka humo. Inataka oili nzito ya gia, kila mara, isikauke.

Humo ndani hapakuwa na oili. Palijaa utomvu wa kahawia, mgumu, unanata kama ulimbo wa kunasia ndege. Kaukwangua kwa ncha ya kisu, kaunusa, kanipa na mimi.

"Mama, haya ni mafuta ya kupikia."

Nikanusa. Nikayajua.

"Yakikaa yanaganda," kasema. "Nguzo haikupata pa kuzunguka. Imelazimishwa siku zote mpaka ikachoka, ikakatika. Siku ile hata angeendesha malaika angetumbukia. Nani aliyaweka humu?"

Nikasema sijui.

"Basi ni Yona. Vijana wavivu hawa, mama. Kwenda dukani kununua kopo moja wanaona mbali."

Nikanyamaza.

Ijumaa, 7 Juni

Ni mimi.

Zakaria aliniachia kopo la oili ya gia na bomba lake la kusukumia. Alikuwa kitandani hawezi tena kutembea, kamwambia Yona anibebee kopo mpaka kwenye gari anionyeshe kitundu cha kushoto na cha kulia. Kila mwezi, mama Yona, usisahau. Sikusahau hata mwezi mmoja. Kopo lilipoisha Yona akasema atanunua jingine mjini. Nikamkatalia. Nikamwambia mafuta yangu nimekamua mwenyewe, alizeti ya shamba langu. Yanalainisha cherehani, bawaba za milango, baiskeli ya mwinjilisti. Watu wa Dodoma wanasimamisha magari yao kuyanunua. Leo yashindwe na kagari? Akasema mama, hilo si cherehani. Nikamwambia asinifundishe.

Nilikuwa nayachuja kwanza kwa kitambaa cheupe. Kwa heshima ya Zakaria.

Miaka minne nimekuwa nikiligandisha gari la mume wangu kwa mkono wangu. Halafu nikamwita mwanangu mlevi.

Jumatatu, 10 Juni

Fundi kafungua na upande wa kulia. Utomvu ule ule. Anasema na huku kulikuwa karibu kukatika. Anasema Mungu kaniepusha. Nimemwambia afanye kazi, mahubiri nayapata kanisani.

Kapiga simu Arusha. Kuna fundi mwenzake ana gari la aina hii lililooza, atang'oa nguzo mbili na shaba zake, atazipakia kwenye basi. Mkono uliopinda wataunyoosha mjini kwa moto.

Jana kanisani nilikaa nyuma. Mwinjilisti kaniuliza kama naumwa. Nimemjibu vibaya. Sijala tangu asubuhi.

Alhamisi, 13 Juni

Vipuri vimefika vimefungwa kwenye gunia. Vimekaa vizuri. Fundi anaimba. Kaleta kopo jipya la oili ya gia, kaliweka juu ya ukuta mahali nitakapoliona.

Jioni kaja Neema, mke wa Yona. Hakuja kunisalimia. Alifuata cheti cha shule cha mtoto kilichobaki hapa. Kaniamkia kama mtu anavyomwamkia karani wa ofisi. Nimemwuliza Yona hajambo. Kaniambia yote, macho chini, bila kulia.

Yona anakunywa. Alianza Aprili. Siku ya kwanza Neema alimlilia, akamkumbusha kiapo cha kaburini. Kamjibu kwamba miaka sita alikuwa anakaa kavu, na siku moja tu mama kasema amelewa, watu wote wakamwamini mama. Basi wacha awe hicho walichomwona. Sasa asubuhi anaingia kilabuni kabla ya uji.

Nilitaka kumwambia Neema. Mdomo ulikataa. Anaondoka, nikampa mafuta lita tano ya watoto. Mafuta! Mwanamke mjinga mimi.

Ijumaa, 14 Juni

Nilimwita mlevi si mlevi. Sasa ni mlevi. Hakuna fundi wa hilo.

Jumamosi, 15 Juni

Kazi imekwisha. Kiberiti kimesimama sawa, mabega mawili sawa. Fundi kakiendesha mpaka lami na kurudi, kakiachia usukani kwenye barabara iliyonyooka, kikaenda moja kwa moja. Majirani wametoka kuangalia. Nilikuwa nimeisubiri siku hii nije nijivune.

"Twende mama, upande japo mpaka sokoni."

Nimekataa. Nimemwambia Rama aketi. Nikamwambia ni nani aliyeweka mafuta. Kavua kofia yake.

"Mimi nimeshasema mjini kwamba ni Yona," kasema. "Nimewaambia mafundi wote."

Kumbe na yeye ana la kufuta. Kaapa atalifuta. Ni mtu mzima asiye na haya ya kukosea. Mimi nina miaka sabini na mbili na nilinyamaza siku tisa.

Jumatatu, 17 Juni

Nimeita ukoo. Wamekuja wote alfajiri, isipokuwa Yona. Alituma neno kwamba kikao kimoja kilimtosha.

Basi nikawaambia wazee wainuke twende kwake. Shemeji Mkumbo, mdogo wa Zakaria, akasema mama hamfuati mtoto. Nikamwambia mama huyu atamfuata, na wewe unakuja, ulicheka ile siku ya yai. Kainuka. Tumekwenda watu watano kwa basi. Kiberiti nimekiacha. Nilikitengeneza kumtia haya, sasa nikipeleke na sura gani?

Nyumbani kwa wakwe zake hakuwapo. Ilikuwa saa tano asubuhi. Sijawahi kuingia kilabuni maisha yangu yote. Nimeingia. Watu wakainuka kuniamkia na vikombe mkononi, wengine wanavificha nyuma. Yona alikuwa kwenye benchi la mwisho. Kakonda. Kwenye yale meno mawili pana giza.

Shemeji akaninong'oneza tumtoe kwanza nje. Nikasema hapana. Mbele ya watu ni hapa, hawa ndio watu wake sasa, na hao wengine nimewaleta.

Nimesema kwa sauti ile ile ya Machi. Kwamba Yona hakuwa amelewa. Kwamba gari niliua mimi, kwa mafuta yangu na kiburi changu. Kwamba aliniambia nikamkatalia. Kwamba fundi alipogundua nilikana, nikamwacha Yona abebe lawama. Kwamba alisema kweli mbele ya ukoo na mama yake mzazi akamfananisha na mbwa.

Mlevi mmoja mzee akasema, "Mama, basi mnunulie kikombe kimoja cha pole." Hakuna aliyecheka. Siku nyingine ningempasua kwa maneno.

Yona kasema, "Nimesikia, mama."

Nikamwambia turudi nyumbani. Kaitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, naye alijua nimeiona.

"Ungesema Machi," kasema. "Machi nilikuwa na nguvu."

Kainua kikombe kakimaliza mbele yangu. Si kwa jeuri. Ingekuwa jeuri ningejua la kufanya.

Alhamisi, 20 Juni

Hajaja. Shemeji anasema nimefuta neno, nimemaliza wajibu, nilale. Nimemwambia alale yeye.

Jumapili, 23 Juni

Upepo baridi tangu alfajiri. Sikwenda ibadani.

Saa nne mbwa kabweka kidogo, akaacha. Yona. Kaja peke yake, kwa miguu kutoka stendi, koti la baba yake mabegani. Kasema, "Shikamoo mama." Nikaitikia. Pombe nimeisikia kabla hajafika kizingitini.

Yalinijia maneno mengi. Ni asubuhi, ni Jumapili, una watoto. Yote yalifika kwenye meno. Nikayameza.

Nimempa uji. Kanywa nusu, ukamshinda. Kaomba radhi kwa kuubakiza. Mwanangu kuniomba radhi kwa uji. Nikasema si kitu.

Tumekaa. Hakuuliza habari ya gari, nami sikuitaja. Kauliza kama ndama kanywa maji. Nikasema bado. Kachukua ndoo, kaenda kisimani, nikamwona anarudi polepole, anasimama, anabadilisha mkono, anasimama tena. Njia nzima inamwagika. Alipofika kwa ndama ilikuwa imebaki kama robo.

Kaiangalia. Halafu akageuka na ndoo, akarudi kisimani mara ya pili.

Nikaurudisha uji wake motoni.